Sekunde Tisa za Afande

Fundi hakuwa na kawaida ya kumwamkia mtu kabla ya kuiamkia kompyuta yake. Akifika asubuhi anaivua kitambaa, anaipangusa vumbi, anaiwasha, na ikikubali kuwaka ndipo anageuka kuniuliza nimeamkaje. Isipowaka, siku hiyo hatuamkiani. Tulikaa duka moja pale Jinja karibu miaka minne, tukitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Upande wangu palikuwa na picha za pasipoti na mashine ya kufunga vitambulisho ndani ya nailoni, upande wake video. Siku tulizoamkiana vizuri ninaweza kuzihesabu.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana sikuwahi kujua. Wasoga walidhani ni Mgisu, Wagisu walidhani ni Mteso, na mimi Mkenya wa Bungoma nilidhani ni mkaidi tu. Kiswahili alikipata kambini, alikopigia jeshi picha zamani, na habari za miaka ile hakutaka kuulizwa. Watu wa Jinja wakisikia Kiswahili walikumbuka bunduki. Mama aliyeuza ndizi mbele ya duka letu alikuwa akinitoza mimi bei ya kawaida, lakini Fundi akifungua mdomo tu, bei ilishuka yenyewe na macho ya yule mama yakaangalia chini. Jambo hilo lilimuumiza sana Fundi.

"Hapana ogopa, nyabo," alikuwa akimwambia, yaani bibi. "Hii ni mdomo tu."

Alilipa bei ya juu, akaondoka na ndizi zake akiwa amenuna.

Kazi iliyompa sifa mjini ilikuwa ya arusi. Alipata programu fulani ya kompyuta, iliyoletwa na dereva mmoja kutoka Nairobi katika sahani ya CD isiyo na jina, na kwa programu hiyo aliweza kupanga picha ya video juu ya nyingine, kisha kila moja akaitia efekti yake. Maharusi wakazunguka ndani ya pete. Mioyo ikapepea. Watu wa mtaa wa Walukuba, ambao wangeweza kwenda kwa miguu kuyaona maji ya Nili, walimwomba awasimamishe mbele ya theluji, naye akawapa theluji bila kucheka. Mchungaji mmoja alirudisha kaseti akiwa na hasira. "Fundi, umenimwagia unga wa posho kichwani!" Tulicheka wiki nzima, na hata mchungaji mwenyewe alipoitazama mara ya pili alicheka.

Siku wateja walipokuwa wachache alinifundisha. Alikuwa mwalimu mbaya, mwenye kelele, lakini alichokufundisha hakikutoka kichwani. Kila picha iliyopangwa juu ya nyingine aliiita leya. Leya unaweza kuifanya nene, yaani pasenti mia, ikafunika kila kilicho chini yake. Unaweza pia kuifanya nyembamba, pasenti kumi au ishirini, ukaona cha chini kupitia kwake.

"Mukenya, leya ni chandarua," alisema. "Ukiweka moja, unaona mutu amelala. Ukiweka tano, unaona chandarua."

Efekti nazo, alisema, zina foleni yao. Kwanza ung'arishe, ndipo ulainishe. Nilipolainisha kwanza kisha nikang'arisha, picha ya bibi arusi ikawa tope lenye mwanga, na Fundi akapiga meza hadi kalamu zikaruka. "Umeng'arisha matope! Matope iking'ara inakuwa nini?" Nikasema inakuwa matope. Akatulia, akasema sasa nimeelewa.

Alikuwa na sheria moja asiyoivunja, na aliisema mara nyingi hata ikanichosha. Leya ya chini kabisa, ile picha yenyewe ilivyotoka kwenye kamera, haiguswi. Ukitaka kuitia filta, ifanyie nakala, uweke nakala juu, filta iingie huko. "Ile ya chini ni ya wenyewe," alisema. Kaseti ya mteja ikiingia dukani, kwanza aliuvunja kwa meno ule mlango mdogo wa plastiki mgongoni mwake, ili deki isiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Nilimwambia ipo siku atavunja jino. Alivunja mawili.

Uongo hakuuvumilia, na hapo ndipo nilipomwona mtu wa ajabu, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa theluji na mioyo. Kule Busoga matanga yakimalizwa, ukoo hukusanyika na kumvika mrithi nguo ya gome la mti mbele ya watu. Bwana mmoja alikuja na kaseti ya sherehe hiyo. Aliyevikwa alikuwa mdogo wake. Alitaka Fundi amfute mdogo wake katika picha na kumweka yeye mahali pale, na gome mabegani. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamrudishia kaseti yake.

"Lakini unaweka watu kwenye barafu!" yule bwana akafoka.

"Barafu kila mutu anajua ni mchezo," Fundi akasema. "Hii yako unataka watu waamini. Kwenda."

Njia ya mwongo ni fupi, aliniambia baadaye, na akarudi kwenye mioyo yake inayopepea. Mimi nilimheshimu sana siku ile. Namheshimu hata sasa, ingawa niliyoyaona baadaye yangenitosha kumhukumu, kama nami mwenyewe nisingekuwamo.

Kitu kilichomshinda kabisa kilikuwa umeme. Bwawa lilikuwa pale pale, mwendo mfupi kwa baiskeli, na bado tulikaa siku nzima bila. Ukishapanga leya na filta, kompyuta lazima izichanganye ziwe picha moja, na kazi hiyo Fundi aliiita kupika. Kipande cha dakika moja kiliweza kupikwa tangu asubuhi hadi jioni. Kwenye skrini palikuwa na mstari mwembamba wa buluu unaosogea. Ukifika tisini, umeme ukikatika, unaanza upya. Alikuwa na betri mbili za lori, zikavusha muda wa kunywa chai tu. Zikiisha, Fundi alivua kofia, akaweka mikono katikati ya magoti, akakaa akiitazama skrini nyeusi. Hakutukana. Afadhali angetukana, maana kimya chake kilinifanya hata mimi nishindwe kufagia.

Jambo jingine ni kwamba hakupigwa picha. Nilikuwa na kamera, taa na stuli upande wa pili wa ukuta, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumpiga hata moja. Ukimwelekezea kamera aligeuka, kwa upole, kama mtu anayepisha wengine mlangoni. "Mimi niko nyuma ya kioo," alisema. Nilidhani ni maringo. Siku hizi nadhani aliwahi kuziona picha zikitumiwa vibaya huko kambini, lakini ni dhana yangu tu.

Basi nimfikie yule mama.

Alikuja Jumatatu moja asubuhi, katika mwaka tisini na saba, akitoka Mbale, mtoto wa kike wa miaka kama miwili mgongoni na kaseti ndani ya kitenge. Alikuwa mjane wa askari wa magereza. Mumewe alikuwa mtu wa kaskazini, aliugua ule ugonjwa ambao wakati ule hatukuutaja, akafa. Ndugu zake wakaja na lori, wakachukua maiti, wakachukua na sanduku la bati lenye nguo na picha zote. Hawakumwachia hata ya kitambulisho. Kaseti ile ilikuwa ya arusi ya askari mwenzake, na katika saa mbili za arusi mumewe alionekana mara moja, sekunde tisa, amesimama kwenye mlango wa kanisa.

"Nyumba ya magereza walitutoa," akasema. "Sasa nakaa Nkoma, chumba moja. Fundi, hii mutoto, kila mutu akivaa kaki, yeye anamwita baba. Anakimbia, anashika suruali ya watu. Wengine wanacheka. Wengine wanamusukuma. Mimi nataka aone baba yake, ajue ni huyu, aache wengine."

Jumamosi ya wiki ile kungekuwa na maombi ya mwaka mmoja. Alitaka kuionyesha siku hiyo, mbele ya majirani, mtoto akiwa mapajani.

Fundi akaingiza kaseti. Tukaona mlango wa kanisa, jua kali nyuma yake, na mtu mrefu aliyevaa suti. Shingo kwenda juu ilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Aligeuza kichwa, akacheka na mtu tusiyemwona, mkono wa mgeni ukapita mbele yake, basi.

"Hii ni giza, mama," Fundi akasema taratibu. "Filta inachuja tu. Haiwezi kuzaa. Kamera haikuona sura, mimi nitaitoa wapi?"

"Jaribu tu, afande."

"Mimi si afande."

"Jaribu tu, Fundi." Akamtazama usoni muda mrefu, mpaka Fundi akageuka. "Alikuwa mulefu kama wewe. Na hapa," akajigusa taya, "hapa alikuwa kama wewe. Ila yeye alikuwa na masharubu."

Jumanne alijaribu. Alizikata zile sekunde tisa, akazifanyia nakala, akauzungushia uso nukta moja moja kwa mausi, picha baada ya picha, ili mwanga uingie usoni tu na usiguse kanisa. Aking'arisha, giza liligeuka kijivu, na ndani ya kijivu chembe zikachemka kama unga wa mtama. Akilainisha, chembe zilitoweka na uso ukatoweka nazo. Alinoa kingo, tukapata sikio. Tulilifurahia lile sikio! Lakini pale penye macho palikuwa na mashimo mawili, na kila filta aliyoiweka iliyafanya mashimo kuwa mashimo zaidi. Jumatano vilevile. Jioni alivua kofia ingawa umeme ulikuwepo.

"Atakuja Ijumaa," nikasema.

"Najua."

"Mwambie haikuwezekana."

"Nilimwambia Jumatatu. Wewe uliona kama alisikia?"

Alhamisi umeme ulikuwa haujakatika bado. Fundi aliingia upande wangu wa ukuta akiwa na kamera yake mwenyewe, miguu mitatu ya kuisimamishia, na suti ya kuazima. Akaivuta stuli yangu ya pasipoti mpaka mlangoni, akaikalia akiupa mlango mgongo, jua likawa nyuma yake. Akanipa ubao wangu mweupe nishike mbele yake, urudishe mwanga kidogo usoni. Nilijua, na nilishika ubao. Akageuza kichwa kama yule afande wa kwenye kaseti, akacheka na mtu asiyekuwepo. Tulirudia mara saba mpaka shingo ikageuka sawasawa. Ndiyo mara pekee niliyomwona mbele ya kioo cha kamera, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotazamia.

Akaiweka leya ile juu ya uso wa afande, pasenti ishirini. "Ya kushikilia tu," akasema. Mashimo yakapata vivuli vya macho. Tukatazama. Akasema angeongeza tano. Akaongeza. Halafu tano tena. Haba na haba hujaza kibaba: saa sita mchana tulikuwa arobaini, na masharubu alikuwa ameyachora kwa mkono. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimzuia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeinama juu ya bega lake, na mimi ndiye niliyesema, "Jicho la kushoto bado, Fundi. Ongeza kidogo." Akaongeza kidogo. Tulipoiachia kompyuta ipike, leya ilikuwa imefika sabini na mbili, na chini yake afande wa watu alikuwa amebaki na sikio lake tu.

Umeme ulikatika saa nane. Nilishukuru moyoni. Nilitumaini usirudi mpaka Jumatatu, tukose la kumpa, na kosa liwe la umeme. Ulirudi Ijumaa alfajiri, na saa sita mchana mstari wa buluu ulifika mwisho bila kusimama hata mara moja. Haikuwahi kutokea hivyo.

Mama akaja na mtoto. Fundi alikuwa ameipunguza mwendo picha, sekunde tisa zikawa karibu nusu dakika. Mlango wa kanisa. Mtu mrefu. Akageuza kichwa, na jua likiwa nyuma yake uso ukaonekana, wenye masharubu, unacheka. Yule mama alitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akatazama tena. Mtoto alikuwa amesimama mapajani pake, viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Ndiye," mama akasema. "Huyu ndiye baba. Sema baba."

Mtoto akasema.

Niliona mdomo wa Fundi ukifunguka. Nina hakika alitaka kusema. Akaufunga tena. Akaitoa kaseti, akauvunja ule mlango wa plastiki kwa meno kama alivyozoea, akampa. Mama alitushukuru sote wawili, mimi nikiwa na haya mpaka masikioni, akaondoka kuwahi teksi.

Tangu siku hiyo Fundi hakuweka theluji tena. Wateja walimbembeleza, akasema efekti hiyo imeharibika. Alikubali kukata na kuunga tu, na maandishi mwanzoni. Alifuga ndevu, zikaja nyingi na mbaya. Kabla ya mwaka kuisha aliniambia anahamia Mbale, chini ya mlima Wanale, apande vitunguu. Nikamwambia yeye na vitunguu wapi na wapi. Akasema kompyuta ni yangu nikiitaka. Nilijua anachoendea Mbale, naye alijua kwamba ninajua, lakini tuliagana kwa kuzungumzia vitunguu.

Hakwenda kumwambia yule mama. Nilikuja kulijua hilo miaka miwili baadaye, Desemba ya tisini na tisa, nilipopitia Mbale nikienda nyumbani kwa sikukuu. Nilimkuta shambani, amekonda, ndevu zimefika kifuani. Alinieleza kwamba wiki ya kwanza alifika Nkoma, akamwona yule mama akianika nguo, akarudi. Wiki ya pili vivyo hivyo. Mara moja alimwona soko la Nakaloke, akaingia nyuma ya mafungu ya mihogo akajificha, mtu mzima, mpaka mama akapita.

"Nikimwambia, namunyang'anya bwana mara ya pili," alisema. "Nikinyamaza, mutoto anakula uongo kila siku. Nimeifikilia hii mambo mpaka kichwa imechoka. Lakini sasa wewe umekuja. Twende pamoja. Wewe ulishika ubao."

Nilishika ubao, sikuweza kukataa.

Asubuhi yake alinyoa. Alisema mtu haendi kuomba msamaha amejificha. Tulipanda boda boda mbili za baiskeli hadi Nkoma, yeye mbele, shati lake limepigwa pasi, shingo imekaza. Njia nzima nilikuwa nikitafuta namna ambayo maneno yangesemwa na asiumie mtu, na sikuipata hata moja.

Mtoto alikuwa nje ya mlango, anaosha vikombe kwenye beseni. Alikuwa amekua, yupo miaka minne, mitano. Akainua kichwa, akamtazama Fundi akishuka kwenye baiskeli. Kikombe kikaanguka ndani ya maji. Akakimbilia ndani.

"Mama! Mama, baba amekuja!"

Mama akatoka, mikono ina unga. Akamtazama Fundi usoni, palipokuwa pamenyolewa, kisha akanitazama mimi. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama," Fundi akaanza, "mimi nimekuja kusema kitu moja. Ile kaseti..."

"Najua."

"Hapana, sikia. Ile sura..."

"Fundi, mimi nililala na bwana yangu miaka sita. Siwezi kujua sura yake?" Aliongea kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Nilijua pale pale. Sikio ilikuwa yake. Ingine yote ilikuwa yako."

"Sasa kwa nini ulisema ndiye?" nikauliza mimi.

"Mutoto alikuwa ameshika kioo," akasema. "Na nyinyi mulikuwa munaniangalia kama watu wanangoja kupigwa. Ningesema nini?" Akapangusa unga kwenye kanga. "Aliacha kushika watu wa kaki. Anaangalia ile kaseti, analala. Juzi ameniuliza baba anarudi lini. Nikasema sijui. Sasa umekuja, umenyoa, umesimama kwa mulango yangu. Haya, nyinyi watu wa kompyuta, niambieni. Nimwambie nini?"

Fundi akanigeukia. Mimi, Mkenya mwenye maneno mengi, nikaangalia beseni la vikombe.

Mtoto alikuwa amerudi, ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, uso ameshaufuta. Akaja mpaka mbele ya Fundi, akapiga magoti vumbini kama watoto wa kike wa kule wanavyofundishwa kumpokea baba yao, akamnyooshea.

"Karibu, baba," akasema.

Mama akageuza uso ukutani. Fundi akayapokea maji.